Mwongozo Kamili wa Kuonyesha Kofia za Zamani Nyumbani kwa Gharama Ndogo

Watu wengi wanaokusanya kofia za zamani katika mikoa ya Mbeya, Iringa na Njombe hukwama mahali pale pale. Kofia ya pama iliyopatikana kwenye mitumba ya Mwanjelwa, au iliyoachwa na babu, hutundikwa kwenye msumari sebuleni. Msimu mmoja wa mvua ukipita, utosi wake huwa umetokeza kinundu palipokuwa na msumari, ukingo umelegea upande mmoja, na mkanda wa ngozi wa ndani umeota kuvu. Mwenyewe huishusha, hutafuta msumari mnene zaidi au ndoano ya kisasa, na tatizo hurudi vilevile, kwa sababu kosa haliko kwenye unene wa msumari.

Kofia ilitengenezwa ili ibebwe na kichwa, yaani kutoka ndani na kwa kuzunguka pande zote. Ukiiegemeza kwenye ncha moja, uzito wote huvuta hapo. Ukiilaza juu ya ukingo wake, ukingo hubonyea na kupoteza mkunjo. Kazi yote ya mwongozo huu ni kutengeneza kitu cha bei ndogo, yaani kichwa cha karatasi chenye mguu, kitakachoibeba kofia kutoka ndani huku ukingo ukining'inia huru, kisha kukiweka mahali ambapo jua, unyevu na wadudu hawataimaliza.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

Kusanya kila kitu kwanza, kwa maana ukianza kutafuta mkasi wakati gundi imekwisha kupakwa, kazi huharibika.

- Puto imara, moja kwa kila kofia, na mbili tatu za akiba.
- Magazeti ya zamani, pamoja na karatasi nyeupe zisizo na maandishi kwa ajili ya tabaka la juu.
- Gundi nyeupe ya mbao.
- Utepe wa kupimia wa fundi cherehani. Futi ya chuma ya seremala haifai, kwa kuwa haipindi vizuri ndani ya kofia.
- Pamba au vipande vya sponji safi ya godoro.
- Kitambaa cheupe cha pamba. Shuka kuukuu linafaa kuliko kitambaa kipya, kwa sababu limefuliwa mara nyingi na wanga wa kiwandani umekwisha kutoka.
- Vipande vya mabaki ya mbao, plaiwudi nyembamba, na mpini wa ufagio au fimbo iliyonyooka yenye unene wa takriban sentimita 2.5.
- Msasa, vanishi, skrubu chache, sindano, uzi mweupe na penseli.
- Brashi laini ya nguo, barakoa, na mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa.

Kuhusu mbao, anayeishi Nyanda za Juu Kusini ana bahati. Mafinga imezungukwa na mashamba ya miti ya Sao Hill, na karibu kila karakana ya seremala kutoka Iringa hadi Uyole ina rundo la vipande vya paina vinavyosubiri kuchomwa. Mwombe fundi akuchagulie vipande vikavu visivyo na vifundo, kwa kuwa kifundo cha paina huendelea kutoa utomvu kwa muda mrefu, na utomvu ukigusa kofia hautoki.

## Hatua ya 1: Kagua kofia na uisafishe

Usiitengenezee stendi kofia ambayo hujaikagua. Ipeleke nje kwenye mwanga, uigeuze, uinue mkanda wa ndani kwa kidole na kuchungulia nyuma yake. Hapo ndipo nondo wa nguo hutaga mayai. Ukiona vumbi linalofanana na mchanga mwembamba, nyuzi nyeupe za utando, au vitobo vidogo kwenye felti (kitambaa cha sufu au manyoya yaliyoshindiliwa), mabuu yapo au yamekwisha kupita.

Kofia za sufu, felti na zenye manyoya ya ndege zikiwa na dalili hizo, zigandishe kabla ya kuziingiza sebuleni. Izungushie kofia kitambaa cha pamba, itie ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, funga kabisa, kisha iweke kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa muda wa wiki mbili. Umeme ukikatika kwa saa nyingi katikati ya kipindi hicho, anza kuhesabu upya. Ukiitoa, iache ndani ya mfuko uliofungwa kwa siku nzima, kwa sababu ukiufungua mapema hewa ya nyumba itageuka matone ya maji juu ya felti iliyo baridi. Usigandishe helmeti za jua za enzi ya ukoloni wala kofia zenye rangi iliyopakwa, kwa kuwa rangi inaweza kupasuka.

Wengi huuliza kuhusu vidonge vya nafthalini. Mimi sivipendekezi ndani ya chumba cha kuishi. Mvuke wake si mzuri kwa afya, na vikigusa vifungo au mapambo ya plastiki huyayusha. Majani yenye harufu kali nayo hayawezi kuua mabuu yaliyokwisha kuingia kwenye sufu.

Baada ya hapo, piga brashi taratibu ukifuata ulalo wa manyoya ya felti, kwa kuizunguka kofia kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Kofia za ukindu na za nyasi zifute kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo na kukamuliwa sana.

Onyo. Felti za zamani sana ziliandaliwa kwa kemikali yenye zebaki. Nchini Marekani utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 1941. Kwa hiyo kofia ya felti usiyojua umri wake ipigwe brashi nje ya nyumba, ukiwa umevaa barakoa, na mikono ioshwe baadaye. Watoto wasiivae kwa mchezo.

Pia jizoeze kuibeba kofia kwa mikono miwili, ukishika ukingo mbele na nyuma. Kuikamata kwa vidole viwili juu ya utosi ndiko kunakopasua pama nyingi kwenye mkunjo wa mbele, hasa miezi ya Agosti na Septemba, upepo mkavu unapokuwa umekausha kila kitu.

Kibonyeo kwenye felti hurekebishika kwa mvuke wa birika. Ishike kofia umbali wa sentimita 25 hivi kutoka kwenye mdomo wa birika kwa sekunde chache, kisha sukuma kibonyeo kutoka ndani kwa vidole. Mvuke usiguse mkanda wa ngozi, kwa sababu ngozi husinyaa na kuivuta kofia nzima.

## Hatua ya 2: Pima ndani ya kofia

Zungusha utepe ndani, juu ya mkanda, bila kuuvuta. Kofia nyingi za watu wazima huwa kati ya sentimita 54 na 60. Andika kipimo hicho, kisha pima kina kutoka ukingoni hadi utosini.

Kichwa utakachotengeneza lazima kiwe kidogo kuliko kofia kwa sentimita 5 hadi 7. Jambo hili huwashangaza watu, na ndilo linalowaangusha wengi. Kofia haina umbo la duara. Ni ndefu kidogo kutoka mbele kwenda nyuma, kama kilivyo kichwa cha binadamu. Ukitengeneza duara lenye mzunguko sawasawa na kofia, litabana masikioni na kuacha nafasi mbele na nyuma, na baada ya miezi michache kofia itakuwa imepanuka ubavuni. Kichwa kidogo huacha nafasi ya kujazia pamba mbele na nyuma hadi umbo litimie. Kwa sababu hiyohiyo, mpira wa miguu namba 3, ambao baadhi ya watu huutumia kama kalibu, haufai: mzunguko wake wa takriban sentimita 58 hadi 60 tayari ni mkubwa kabla hujaongeza karatasi.

## Hatua ya 3: Tengeneza kichwa cha karatasi

Fanya kazi hii kuanzia Juni hadi Oktoba kama unaweza. Mvua za ukanda huu huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo karatasi yenye gundi inaweza kukaa siku nyingi bila kukauka na ikaanza kunuka. Aliyeko Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, asijaribu kabisa mwezi Machi.

1. Pulizia puto hadi mzunguko wa sentimita 48. Pima kwa utepe mahali palipo panene. Tabaka za karatasi zitaongeza kama sentimita 2, na utapata kichwa cha sentimita 50 kinachofaa kofia ya 55 hadi 57. Kwa kofia kubwa zaidi, ongeza puto kwa kiasi hichohicho. Likalishe juu ya kikombe, fundo likiwa chini.

2. Chana magazeti kwa mkono kuwa vipande vyembamba vya upana wa sentimita 3. Usitumie mkasi. Ukingo uliochanwa ni mwembamba na hulala vizuri juu ya mwenzake, ilhali ukingo uliokatwa huacha ngazi ambazo baadaye huonekana hata chini ya kitambaa.

3. Changanya gundi sehemu mbili na maji sehemu moja. Uji mzito wa unga wa ngano hushika pia na gharama yake ni ndogo zaidi, lakini unga ni chakula cha mende na wadudu wanaokula karatasi, na hunyonya unyevu wakati wa masika. Kwa kitu kitakachokaa chini ya kofia ya marehemu bibi kwa miaka, ongeza gharama kidogo ununue gundi.

4. Bandika tabaka mbili, ya kwanza ikienda wima na ya pili ikienda mlalo, kufunika theluthi mbili za puto kutoka juu. Kila kipande kamua gundi ya ziada kwa vidole viwili kabla ya kukibandika. Karatasi ilowe bila kudondosha matone.

5. Kausha kibarazani, mahali penye upepo na kivuli. Juani hewa ya ndani ya puto hupanuka na kupasua karatasi mbichi. Usiku wa baridi hutokea kinyume chake. Njombe na Makete mwezi wa Julai, puto lililoachwa nje jioni hunywea, na asubuhi utakuta karatasi imejikunja mikunjo midogo kama ngozi ya tende. Kwa hiyo anza asubuhi, na jua likielekea kuzama liingize ndani, mbali na jiko la mkaa.

6. Rudia hadi tabaka sita, mbili kwa wakati mmoja, ukisubiri zikauke kila mara. Tabaka la mwisho liwe la karatasi nyeupe, kwa sababu wino wa gazeti huhamia kwenye kitambaa na hatimaye kwenye bitana ya kofia.

7. Toboa puto, litoe, na ukate kichwa kwa urefu wa sentimita 10 kutoka utosini. Lainisha ukingo kwa msasa, kisha paka vanishi nyembamba ndani na nje. Kiache mahali penye hewa wiki mbili au zaidi, mpaka usisikie harufu yoyote ukikikaribia.

Kichwa kilichofanikiwa huwa chepesi, hakiingii ndani ukikibonyeza kwa dole gumba, na ukikigonga hutoa sauti kavu, kavu kweli. Sauti nzito inaonyesha kwamba bado kuna unyevu katikati ya tabaka. Usikivalishe kofia, kiongezee siku.

### Pama zenye mkunjo utosini

Pama nyingi za wanaume zina mkunjo juu na mibonyeo miwili mbele. Kichwa cha duara kitausukuma mkunjo huo utoke, na umbo lililodumu tangu kofia ilipotengenezwa litapotea katika wiki chache. Kwa kofia hizo, kata utosi wa kichwa cha karatasi sentimita 3 kutoka juu, ubaki na tundu la duara. Zungushia tundu hilo ngata laini ya kitambaa, ileile wanayotumia akina mama kubebea ndoo, ila iwe nyembamba na iliyoshonwa. Kofia itashikwa kwa kuzunguka, na mkunjo utaelea bila kuguswa.

## Hatua ya 4: Kivalishe kitambaa na ujaze nafasi

Weka tabaka jembamba la pamba au sponji juu ya kichwa, likiwa nene zaidi mbele na nyuma, kisha funika kwa kitambaa cheupe na ukishone kwa mishono mikubwa upande wa chini. Usitumie pini wala stepla. Chuma hupata kutu, na doa la kutu kwenye bitana ya hariri ni la kudumu.

Jaribu kofia. Inatakiwa iingie yenyewe kwa uzito wake, bila kusukumwa, na ukiigusa upande mmoja isiyumbe. Ikihitaji kusukumwa, punguza pamba. Ikizunguka kwa urahisi, ongeza kidogo mbele na nyuma peke yake. Ni kazi ya kujaribu na kurudia, na inastahili muda, kwa kuwa hapa ndipo kofia inapookolewa au kuharibiwa.

## Hatua ya 5: Funga mguu na kitako

Kata duara la plaiwudi lenye kipenyo cha sentimita 13. Ligongomee kwa skrubu juu ya mpini uliokatwa kwa urefu unaotaka; sentimita 25 zinatosha kwa kofia itakayokaa kwenye rafu. Pindua kichwa cha karatasi, ingiza duara hilo mpaka likwame ndani, kisha lizibe pande zote kwa vipande vya karatasi yenye gundi. Acha likauke usiku mzima.

Kitako kiwe kipande cha mbao cha sentimita 18 kwa 18 au zaidi, chenye unene wa angalau sentimita 4. Kwa pama yenye ukingo mpana ongeza uzito: chukua kopo la maziwa ya unga, simamisha mguu katikati, jaza kokoto na zege, na uache ligande siku kadhaa. Ni kizuri pia ukikizungushia kitambaa cha kitenge.

Ili kujua kama stendi imetosha, ivalishe kofia, kisha igonge kidogo kwa kiganja ubavuni. Stendi nzuri hutikisika na kurudi. Inayoanguka irudishwe kwa fundi kabla paka hajafanya jaribio hilo kwa niaba yako.

## Njia fupi kwa baadhi ya kofia

Si kila kofia inahitaji kazi ya puto. Baragashia husimama vizuri juu ya kopo tupu la rangi la lita 4, lililooshwa, kukaushwa na kuzungushiwa kitambaa. Pima kwanza, kisha ongeza au punguza kitambaa mpaka ikae bila kubana. Tarbushi hupungua upana kuelekea juu, hivyo kopo haliwezi kufika utosini, na inabidi uweke bunda la karatasi nyeupe juu yake ili kishada kisiuvute utosi chini.

Vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu ni msaada mkubwa ambao watu wanao ndani na hawaufikirii. Kikapu kidogo chenye mzunguko wa sentimita 50 hivi, kikipinduliwa na kufunikwa kwa kitambaa, huibeba kofia ya ukindu vizuri sana, hupitisha hewa, na hakihitaji gundi wala vanishi. Kitambaa ni cha lazima, kwa sababu ncha za milulu hukwaruza. Ningependa kuona njia hii katika nyumba nyingi zaidi, maana kikapu na kofia ya kusuka hukaa pamoja kwa heshima.

## Hatua ya 6: Rafu, ukuta na nyumba ya kupanga

Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta atumie matofali ya kuchoma na mbao ya moja kwa nane. Panga matofali mawili mawili kila upande, laza mbao, panga mengine, laza mbao ya pili. Umbali kati ya nguzo usizidi mita moja, la sivyo mbao ya paina itapinda katikati. Ngazi mbili zinatosha. Zikiwa tatu rafu huanza kuyumba, na penye watoto ni hatari. Matofali yapigwe brashi na kupakwa chokaa au rangi, kwa kuwa vumbi lake jekundu hupanda mpaka kwenye kofia.

Mwenye nyumba yake anaweza kufunga ubao ukutani na kuweka vichwa vya karatasi vifupi vinavyotazama nje, lakini njia hiyo ninaikubali kwa kofia za nyasi na kepi pekee. Felti ikisimama wima kwa muda mrefu huanza kuteremka. Toboa kwenye tofali lenyewe. Udongo ulio kati ya tofali na tofali hauwezi kushika plagi ya skrubu. Ukuta wa tofali bichi usitobolewe kabisa.

Ubao au rafu iache nafasi ya sentimita 3 hadi 5 nyuma yake. Ukuta wa nje katika nyumba zetu huwa baridi usiku, na unyevu wa chumba hukusanyika juu yake bila kuonekana. Kofia iliyoegemea hapo ndiyo ya kwanza kuota kuvu, tena upande usiouona.

Vibanio vya nguo kwenye kamba, ambavyo vinapendeza pichani, viachwe kwa kofia za kisasa za pamba. Kibanio kimoja kwenye ukingo wa nyasi kavu kinatosha kuuvunja.

## Hatua ya 7: Chagua mahali

Tembea chumbani saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni, uone jua linafika wapi. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe iko juu zaidi, na hewa yetu ya baridi huwadanganya watu kwamba jua ni dogo, ilhali miale yake ni mikali kadiri unavyopanda. Rangi iliyopauka hairudi kwa dawa yoyote. Kofia isiguswe na jua la moja kwa moja hata kwa nusu saa, na pazia jepesi lifungwe mchana.

Jiko la mkaa linaloingizwa sebuleni Juni na Julai ni adui wa pili. Moshi na masizi huingia kwenye felti na hayatoki kwa brashi, na gesi ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua watu, hivyo kuna sababu mbili za kuliacha nje. Epuka pia ukuta unaopakana na jiko au bafu.

Tahadhari na panya. Hutafuna mkanda wa ngozi kwa ajili ya chumvi ya jasho, kwa hiyo rafu isiwe karibu na kamba, pazia refu au rundo la magunia yatakayowapa ngazi.

## Hatua ya 8: Valisha kofia na uiandikie

Osha mikono, ikaushe, kisha ishushe kofia kwa mikono miwili hadi ikae yenyewe. Rudi nyuma hatua tatu, uitazame kwa usawa wa macho. Ukingo uwe huru pande zote, usiguse mguu, kitako wala kofia ya jirani. Acha walau upana wa kiganja kati ya kofia na kofia.

Kila kofia iwe na kikaratasi chake kilichoandikwa kwa penseli na kufungwa kwa uzi kwenye mguu wa stendi. Andika ilikuwa ya nani, ilivaliwa wapi, nani aliyesimulia, na mwaka uliyoipata. Usibandike gundi wala utepe wa plastiki kwenye kofia yenyewe. Kama ni kofia ya mzee aliyekwisha kutangulia, waulize wakubwa wa ukoo kabla ya kuiweka sebuleni. Baadhi ya familia zina taratibu zake kuhusu mavazi ya marehemu, na mara nyingi mazungumzo hayo ndiyo yatakayokupa maneno ya kuandika kwenye kikaratasi.

## Hatua ya 9: Utunzaji kwa kufuata misimu

Kuanzia Agosti hadi Oktoba vumbi ndilo tatizo. Piga brashi nyepesi kila wiki mbili, na ukisafiri funika kila kofia kwa kitambaa chepesi cha pamba. Usifunike kwa plastiki, kwa kuwa plastiki hufungia unyevu ndani.

Kuanzia Novemba, kagua nyuma ya mkanda kila wiki na unuse ndani ya kofia. Pua huipata kuvu kabla ya jicho. Fungua madirisha mchana usio na mvua, na uyafunge kabla ukungu wa jioni haujashuka.

Ukikuta kuvu, itenge kofia hiyo mara moja na uipeleke kwenye kivuli chenye upepo ikauke kabisa, saa kadhaa au siku nzima. Usiifute ikiwa na unyevu, kwa kuwa utaisugua kuvu iingie ndani zaidi. Ikikauka na kuwa unga, vaa barakoa, ipige brashi nje ya nyumba ukielekeza vumbi mbali nawe, kisha ioshe brashi kwa maji ya moto. Kitambaa cha stendi kivuliwe, kifuliwe na kukaushwa juani. Kichwa cha karatasi kikaguliwe ndani. Kama kimelainika popote, kitupe na utengeneze kingine kiangazi, na hadi wakati huo kofia ilale kichwachini, utosi ukiwa chini juu ya ngata ya kitambaa, ndani ya boksi lenye matundu ya hewa.